Maswali na majibu: chuma na namba zake

Barua za wiki hii nyingi zimeangukia mahali pamoja, kwenye milinganyo ya chuma. Naelewa. Chuma huingia kwenye mmenyuko kikiwa na valensi (idadi ya elektroni kinazotoa) 2 leo na 3 kesho, na mwanafunzi asiyejua ni kipi kimekuja atahesabu hadi usiku bila kufika.

*Shikamoo mwalimu. Tulipewa Fe + O₂ → Fe₂O₃ tusawazishe. Nikaandika Fe₂ + O₃ → Fe₂O₃. Chuma 2 kwa 2, oksijeni 3 kwa 3, lakini nimepata sifuri. Kosa liko wapi? (Kidato cha tatu, Uyole)*

Marahaba mwanangu. Kuhesabu umehesabu vizuri, ila umebadilisha vitu vyenyewe. Namba ndogo ya chini ni sehemu ya jina la kitu. O₂ ndiyo oksijeni tunayovuta. O₃ ni ozoni, gesi nyingine kabisa, na ukiivuta inaumiza mapafu. Ni sawa na kutumwa sokoni Mwanjelwa ulete viazi sita, ukarudi na magimbi sita ukasema idadi imetimia. Ruhusa uliyo nayo ni kubadili namba kubwa ya mbele tu, yaani kusema vitu vingapi.

Sasa tufanye pamoja. Oksijeni kushoto zinakuja mbilimbili, kulia tatutatu. Zinakutana kwenye 6. Basi weka 3O₂ kushoto na 2Fe₂O₃ kulia. Kulia sasa pana chuma 4, kwa hiyo kushoto andika 4Fe:

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

Umeona chuma nimekiacha mwisho? Kilikuwa peke yake upande wa kushoto, na ukibadili namba yake hakivurugi kingine chochote. Elementi iliyo peke yake iache mwisho, kila mara.

*Nikiandika 2Fe + 1½O₂ → Fe₂O₃ nimekosea? (Mafinga)*

Kwa moli, kipimo cha kemia cha kuhesabu chembe kwa mafungu, hujakosea, maana moli moja na nusu ya oksijeni ni kiasi halali kabisa. Ila kwenye mtihani wanataka namba kamili, basi zidisha zote kwa 2.

*Habari za kazi mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kijana wangu anasema kutu ni chuma na hewa tu. Mbona chuma nilichoweka ndani pakavu kinakaa miaka, na cha nje kinaliwa? Na kwa nini kutu inavimba mpaka inabandua rangi? (Makambako)*

Nzuri, fundi. Kijana amesema nusu. Hewa peke yake haitoshi, maji nayo lazima yawepo, na ukungu wa huko kwenu unayaleta hata siku isiyo na mvua:

4Fe + 3O₂ + 6H₂O → 4Fe(OH)₃

Hesabu naye jioni: chuma 4 kwa 4, haidrojeni 12 kwa 12, oksijeni 6 na 6 kushoto, 12 kulia. Kitu hicho kikipoteza maji yake kinaelekea kuwa Fe₂O₃, na kutu halisi ya getini ni Fe₂O₃ iliyobaki na maji kiasi ndani yake.

Kuhusu kuvimba, mlinganyo wa mwanafunzi wa Uyole hapo juu unakujibu. Gramu 224 za chuma zinachukua gramu 96 za oksijeni na kuwa gramu 320. Yaani kilo 7 za chuma zikigeuka zote, unapata kilo 10 za oksaidi. Mzigo umeongezeka, nao haushikani kama chuma, kwa hiyo unahitaji nafasi kubwa zaidi na unaisukuma rangi. Ndiyo maana nakusihi ukwangue mpaka chuma king'ae kabla ya kupaka. Ukipaka juu ya kutu, unafunika kazi inayoendelea.

*Mwalimu wetu anasema madini ya Liganga ni magnetaiti, Fe₃O₄. Kila oksijeni ni −2, basi oksijeni 4 ni −8, kwa hiyo chuma 3 ni +8, na kila kimoja ni 8/3. Kuna chuma cha namna hiyo? (Ludewa)*

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Hakuna atomu ya chuma yenye 8/3. Hiyo ni wastani. Ndani yake mna chuma kimoja cha +2 na viwili vya +3, na 2 + 3 + 3 ni 8. Unaweza kuiandika FeO·Fe₂O₃ ukaviona vyote.

Na ukitaka kukitoa chuma hicho kwenye jiwe, tanurini kaboni monoksaidi (CO) ndiyo inayonyang'anya oksijeni, na kila molekuli yake inaondoka na atomu moja tu. Basi hesabu oksijeni za oksaidi, hiyo ndiyo idadi ya CO:

Fe₃O₄ + 4CO → 3Fe + 4CO₂

Kwa Fe₂O₃ zingekuwa 3. Wafipa kwenye malungu yao, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, waliipata gesi hiyohiyo kwa kuchoma mkaa. Kumbuka tu kwamba jiwe la Liganga lina titani na vanadi pia, kwa hiyo mlinganyo huu unaeleza sehemu ya chuma, si jiwe zima.

*MnO₄⁻ + 8H⁺ + Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + Fe³⁺. Atomu zote ziko sawa. Kwa nini jibu lina 5? (Kidato cha sita, Iringa)*

Kwa sababu hukuhesabu chaji, yaani umeme wa + na − ulioandikwa juu ya kila kitu. Kushoto una −1 + 8 + 2, yaani +9. Kulia 2 + 3, yaani +5. Manganizi (Mn) inashuka kutoka +7 hadi +2, inahitaji elektroni 5. Fe²⁺ ina moja tu ya kutoa, kwa hiyo lazima zije tano:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Sasa ni +17 kwa +17. Maabara utaiona 5 hiyo kwa macho: zambarau ya MnO₄⁻ inayodondoka kwenye chupa inapotea, inapotea, mpaka Fe²⁺ ya mwisho iishe. Tone linalofuata linaacha waridi hafifu lisilofutika, na hapo funga bomba.