Mkeo si mvivu, anaumwa

*Shangazi, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili miezi saba iliyopita. Tangu hapo amekuwa mvivu. Mchana analala, usiku analia bila sababu. Mkubwa wetu, wa miaka minne, amenenepa mpaka nesi kasema uzito umepita kiasi. Mama yake akimchoka humpa simu na vitu vitamu anyamaze. Mimi nahangaika kutafuta pesa. Nimchukue mtoto nimpeleke kwa mama yangu?*

Pole kwa wasiwasi, baba. Hapo pole yangu imeisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na neno lililonikera ni "bila sababu". Ulimuuliza? Au ulijigeuza upande wa pili ukalala? Mtu anayelia usiku kwa miezi saba si mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kulala mchana huenda ndiyo nafasi pekee anayopata, maana hujasema ni nani anayeamka mchanga akilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa huyo mkubwa. Mama aliyeishiwa nguvu hana pumzi ya kupanga mlo, kumtoa mtoto nje akimbie, wala kubishana naye saa ya kulala. Kilio kinampasua kichwa, naye anashika kilicho karibu: simu na kitamu. Mtoto anajifunza kwamba huzuni hutulizwa kwa kula. Halafu anachelewa kulala, na kesho yake njaa yake haina mpangilio. Si kila mama mwenye sonona mwanawe hunenepa, la, ila njia ni hiyo. Na hivyo vitamu, nani huvileta nyumbani? Hukusema, nami nina jibu langu.

Ndoa za siku hizi zinanihuzunisha. Mwanamke anafungiwa na watoto wawili ndani ya kuta nne, mume anarudi usiku kama mkaguzi, anahesabu makosa, kisha anasema ametimiza wajibu kwa sababu ameleta pesa. Pesa hailei mtoto.

Wiki hii mpeleke mkeo kliniki, uende naye. Huenda wakampa maswali 10 ya kupima sonona, kuhusu siku zake 7 zilizopita. Yapo tangu 1987 na hayachukui muda. Sonona inatibika, kwa mazungumzo au dawa, hata kwa anayenyonyesha, daktari atachagua. Ila akisema anatamani kufa, au anaogopa atamdhuru mtoto, usingoje miadi. Mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.

Mkubwa ni kazi yako. Ukirudi, mtoe nje mcheze. Simu isizidi saa 1 kwa siku, na usingizi wake wa siku nzima ufike jumla ya saa 10 hadi 13. Usimnyime chakula wala kumwita bonge: bado anarefuka, na mara nyingi umri huo hutakiwi kumkondesha, bali uzito usipande kwa kasi.

Kumpeleka kwa mama yako? Hapana. Utamthibitishia mkeo yale anayojiambia usiku, kwamba ameshindwa umama. Kama mama yako anataka kusaidia, mwombe yeye aje hapo, ambebe mchanga, mkeo alale.