Homa ya Bonde la Ufa: mbuzi wa ruracio achinjwe nyumbani?

Umeuliza kama ni salama kuchinja mbuzi wa ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Kikuyu, kwenye ploti yenu Kayole mvua hizi zikiendelea, na kama mjomba wako Kajiado achanje mifugo sasa. Nimechinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, kabla ya kufungua bucha, kwa hivyo nakwambia: hofia usalama wa anayeshika kisu kuliko wa watakaokula.

Virusi vya homa hii huenezwa na mbu kweli. Wapo ambao mayai yao hukaa na virusi kwenye udongo mkavu hata miaka, mafuriko yakija yanaanguliwa. Lakini binadamu wengi huvipata kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Ukikata koo damu inaruka, ukivuta utumbo maji yanakufika viwikoni, na mchinjaji gani hana mchubuko kidoleni? Kibaya zaidi ni jike akipasuliwa akutwe na mimba. Vijana hukitoa kile kitoto mikono mitupu wakamrushia mbwa. Kwangu hilo ni mwiko, mvua au kiangazi.

Mpeleke machinjioni. Huko mkaguzi humwona mbuzi akiwa hai, kisha hukagua ini. Kwenye ploti mkaguzi ni shangazi na sufuria yake. Na mbuzi wa bei ya kutupa wakati huu, hasa akitoka kwenye kundi ambalo majike yanatupa mimba, usimguse.

Nyama ikiiva sawasawa haina neno. Maziwa chemsha. Mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu, nao uive hadi ndani, na anayeshindilia ile damu avae glavu.

Mliochinja mkipata homa na maumivu ya mwili ndani ya wiki hivi, mwambieni daktari mlishika mnyama, la sivyo atawaza malaria tu. Wengi hupona, ila wachache huharibika macho au kuvuja damu. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua Wakenya zaidi ya 150, wengi huko Kaskazini Mashariki, na hapa Nairobi watu wakakimbilia kuku.

Mjomba alipaswa kuchanja kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikizunguka kundi zima inaweza kuusambaza, na ile chanjo ya zamani ya Smithburn inaweza kufanya majike yenye mimba yatupe. Amwite daktari wa mifugo wa kaunti kwanza, asinunue chupa dukani akajidungia mwenyewe.