TV ya inchi 65 isiyo smart

Ndugu, umeuliza utaipata wapi TV ya inchi 65 isiyo smart, yaani isiyo ya kuunganishwa na intaneti. Kwa ukubwa huo zimebaki chache mno, usizunguke Kariakoo nzima bure. Nunua smart yenye kioo kizuri, kisha siku ya kwanza ikikuomba nywila ya Wi-Fi, ruka hatua hiyo. Chomeka king'amuzi chako kwenye HDMI, lile tundu la waya wa picha na sauti, basi, unatazama mpira. Ila dukani waambie waiwashe mbele yako, maana zipo zinazong'ang'ania intaneti au akaunti kabla hazijakuonyesha chochote. Hizo ziache, hata kama bei inavutia.

Nasisitiza kwa sababu TV iliyounganishwa inaweza kurekodi unachotazama. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya taarifa za watazamaji bila ridhaa yao. Sebule yako ni yako.

Hakikisha ina matundu ya HDMI yasiyopungua matatu. Na pima ukuta kabla hujalipa: inchi 65 ni karibu sentimita 144 kwa upana, inchi hupimwa kona hadi kona.