Mbuzi akikwama kuzaa, usikimbilie kuvuta

Wafugaji wenzangu wa Newala na Tandahimba, naandika hii kwa sababu kila msimu nasikia mtu kapoteza jike pamoja na mtoto, na ukiuliza vizuri unakuta waliona mguu mmoja umechungulia wakaukamata wakavuta. Jamani, msivute kabla hamjajua mmeshika nini.

Mbuzi anabeba miezi mitano, kama siku 150 hivi, kwa hiyo andika tarehe aliyopandwa ujue lini usitoke mbali, hasa kipindi cha korosho watu wote wakiwa shamba. Mtoto aliyekaa sawa anatanguliza kwato mbili za mbele, pua imelalia juu yake. Huyo mwache. Ila mama akisukuma kwa nguvu nusu saa na hamna kinachosogea, mpigie bwana mifugo wa kata muda huohuo, sio kesho asubuhi.

Akiwa mbali na ikabidi uingize mkono, kata kucha, vua pete, nawa kwa sabuni mpaka kiwiko, vaa glavu, paka mafuta safi ya kula. Maji huku juu tunajua yalivyo ya shida, mimi nikiona kiwele kimejaa naweka dumu moja safi pembeni na haligusi mtu. Mama mjamzito asishike kabisa kazi hii, kuna magonjwa ya mbuzi yanaharibu mimba ya binadamu.

Ndani papasa taratibu. Mguu wa mbele viungo viwili vya chini vinakunjia upande mmoja, wa nyuma vinapishana, halafu fuata mguu mpaka begani maana wakiwa mapacha unaweza ukashika mguu wa huyu na wa yule ukavuta wote, hapo umeua. Kichwa kikiwa kimegeukia nyuma, mrudishe mtoto ndani kidogo mama akiwa amepumzika, ndo upate nafasi ya kukileta mbele, na kwato zifunike kwa kiganja zisichane kizazi. Baadaye vuta anaposukuma tu, kuelekea chini. Ukijaribu robo saa bila mafanikio acha, tafuta guta umpeleke kwa daktari.

Kondo la nyuma litoke lenyewe, likipita masaa 12 ita mtaalamu. Mtoto futa pua, paka iodini kitovuni, anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, mapema.

Na vijike vyetu vidogo vya kienyeji msivipandishe beberu kubwa la kisasa vikiwa havijakomaa, shida nyingi nilizoziona zinaanzia hapo.