Pima Unga Kwanza, Kilomita Baadaye

Msomaji mmoja wa Uyole ameniandikia, na ujumbe wake nauweka hapa kwa sababu wenzake ni wengi: "Kaka, nanyonga baiskeli siku nne kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Programu ya simu inasema nachoma kalori 1,100 kila safari. Mwezi wa pili huu, na uzito umeongezeka kilo moja. Tatizo ni mwili wangu au mizani?" Ana kilo 88, urefu sentimita 170, umri miaka 38. Baiskeli yake ni ya gia, ya mtumba, na kwa safari moja anamaliza kama kilomita 25 za lami.

Mwili hauna tatizo, na mizani pia haina. Tatizo ni hiyo 1,100, pamoja na sufuria ya nyumbani ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Kilomita 25 kwa saa moja na nusu ni mwendo usiofika kilomita 17 kwa saa. Mtu wa kilo 88 kwa mwendo huo, kwenye lami isiyo na vilima vikubwa, hutumia kalori kati ya 450 na 650 zaidi ya zile ambazo angezitumia akiwa amekaa sebuleni. Programu nyingi hujumlisha humo hata kalori za kukaa tu, ambazo tayari zimo kwenye hesabu ya siku nzima, halafu hukadiria kana kwamba kwenye mteremko nako ulikuwa unanyonga. Basi anarudi nyumbani akiamini ana akiba ya 1,100, anakula chapati mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa. Chapati ya mtaani yenye mafuta yake hubeba kama 250, na sukari ile inakaribia 80. Jumla 580. Safari yote imeliwa mezani, na bado hajala chakula cha mchana.

Kilo iliyoongezeka sehemu yake huenda ni maji. Misuli inayoanza mazoezi huhifadhi wanga zaidi, na kila gramu ya wanga hukaa na kama gramu tatu za maji. Wiki za mwanzo kuongezeka kilo moja au mbili si ajabu. Ikifika mwezi wa pili na uzito haujaanza kushuka, hapo sasa ni chakula.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kitu ambacho mwendesha baiskeli wa Dar hana, nacho ni mlima. Mlima hauhitaji programu ya simu. Chukua uzito wako, ongeza uzito wa baiskeli na mzigo, zidisha kwa mita ulizopanda kwenda juu, gawanya kwa 100. Jibu ni kalori. Mwili hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa nguvu ya kwenye pedeli, nyingine inatoka kama joto, ndiyo maana hesabu inakuja kuwa rahisi hivyo. Msomaji wetu ana kilo 88, baiskeli 15, maji na pampu 3: jumla 106. Akipanda mita 300 amechoma kama 318. Kwa kila kilomita anayonyonga kwenye lami aongeze 15 za upepo na msuguano wa tairi. Njia ya vumbi au kokoto hula zaidi, hata mara mbili ya hapo. Kuteremka bila kunyonga ni sifuri, usijidanganye.

Hesabu hii haijali kasi. Panda taratibu au panda mbio, mita ni zilezile na kalori zinakaribiana, kinachobadilika ni muda. Hata ukishuka ukaikokota baiskeli, uzito bado umeupandisha wewe. Kwa hiyo mwenye kilo nyingi asione aibu kushuka. Mita za kupanda usizichukue kwenye jumla ya GPS ya simu, maana huyumba na kuongeza vilima hewa. Soma mwinuko wa unapoanzia na wa unapogeuzia kwenye ramani, toa, andika mara moja, basi. Mjini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya kupitia msitu wa Kawetere inapanda hadi kupita mita 2,300. Anayeanza asimalize huo mlima wote: achague kona, ageuze, wiki mbili baadaye asogee kona inayofuata. Wa Iringa mna kipande cha Ipogolo hadi mjini. Wa Uyole mna barabara ya Tukuyu kuelekea Isongole, ila ukungu wake wa asubuhi unataka taa nyekundu nyuma na fulana inayong'aa.

Sasa bajeti ya kalori za siku. Kwa mwanaume: uzito mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, ongeza 5. Kwa mwanamke ni hivyohivyo, ila mwishoni badala ya kuongeza 5 unatoa 161. Zidisha kwa 1.2 kama kazi yako ni ya kukaa ofisini au dukani. Anayelima au kusimama kutwa azidishe kwa 1.4. Msomaji wetu anapata 1,757, na akizidisha kwa 1.2 anafika 2,100. Atoe 500: siku isiyo na baiskeli ale 1,600. Siku ya baiskeli aongeze nusu tu ya alichochoma. Kama ni 500, aongeze 250, siku hiyo ale 1,850. Kwa nini nusu? Kwa sababu makosa ya kukadiria karibu siku zote humpendelea mlaji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa mpango huu, safari nne kwa wiki, upungufu wake ni 4,500, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Mwanamke wa kilo 78, sentimita 160, miaka 34, mwenye kazi ya kukaa, anapata kama 1,740. Akitoa 400 anabaki na 1,340. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanaume chini ya 1,500 bila daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aonane na daktari wake kabla hata ya kugusa pedeli, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Mjamzito na anayenyonyesha waiache hesabu hii kabisa.

Jikoni ndiko watu wanakoshindwa, na mara nyingi kwa sababu wanapima kitu kisicho sahihi. Mtu anatafuta "kalori za ugali" mtandaoni, anapata namba tano tofauti, anachoka. Ugali mlaini una maji mengi, mgumu una machache, kwa hiyo namba moja haipo. Pima unga mkavu. Unga wa mahindi, sembe au dona, hubeba kama kalori 360 kwa gramu 100. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, na mizani ya sokoni iache huko. Pima kila sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake chini kwa wino usiofutika. Umepika unga gramu 600: hizo ni kalori 2,160. Ugali ukiiva, pima sufuria na ugali wake, toa uzito wa sufuria. Tuseme ugali ni gramu 1,700. Gawanya 2,160 kwa 1,700, unapata 1.27 kwa kila gramu. Tonge lako la gramu 450 ni kama 570. Familia inaendelea kula kama kawaida, unayepima sahani ni wewe peke yako.

Maharage ni vilevile, ila hapa kuna mwizi. Maharage makavu gramu 500 ni kama 1,700. Ukiunga kwa mililita 100 za mafuta ya alizeti unaongeza 830. Weka nyanya na kitunguu, sufuria inafika 2,600, na karibu theluthi yake ni mafuta ambayo hakuna aliyeyaona mezani. Mafuta ni kalori 9 kwa gramu, kijiko kimoja cha chakula ni 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu hawezi kujua ametia vijiko vingapi, hata awe mama yako mzazi. Pima chupa kabla na baada. Mililita 30 zinatosha kuunga sufuria ile, na tofauti ni kalori kama 580 bila mtu kupunguziwa hata punje ya maharage.

Vingine vya kwetu vinavyodanganya: parachichi la kienyeji la Rungwe, lile kubwa, nyama yake inaweza kufika gramu 300, yaani kalori 480. Ni chakula kizuri, lakini ni mlo, si kachumbari. Karanga zilizosagwa kwenye mboga ya majani, gramu 100 ni 570. Soda ya mililita 350 ni kama 140. Bia ya nusu lita inagusa 200, na kileo chenyewe ni kalori 7 kwa gramu, kwa hiyo pombe ya kienyeji isiyo na lebo nayo usiipe msamaha. Mchele wa Kyela pima mkavu, 360 kwa gramu 100 kama unga tu.

Rafiki yako mkubwa ni kiazi mviringo cha kuchemsha. Gramu 500 ni kama 430 na mtu anashiba kwelikweli. Viazi hivyohivyo vikikaangwa kuwa chipsi, sahani ya gramu 300 inafika 900. Kwa mama lishe ambako huwezi kwenda na mizani, kadiria sahani ya wali kuwa 500, ongeza 100 za mafuta kwa kila mboga, na kataa ule mchuzi wa juu.

Protini usiiache, la sivyo utakachopoteza ni misuli. Kwa kilo 88 lenga gramu 100 hadi 120 kwa siku. Maharage yaliyoiva gramu 300 yana 26, mayai mawili 12, nusu lita ya maziwa 16, dagaa wakavu gramu 50 wanakaribia 28, na ugali wenyewe unaongeza 13 hivi. Uko 95 bila kununua unga wowote wa dukani wenye picha ya mtu mwenye misuli.

Kuhusu baiskeli, goti linaloumia mbele kwa kawaida ni siti iliyo chini au gia nzito. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjwa kidogo. Nyonga mizunguko 70 hadi 90 kwa dakika kwenye tambarare, na mlimani usishuke chini ya 60. Ukishindwa, shuka ukokote. Baiskeli nzito ya gia moja, aina ya Phoenix, ni nzuri kwa tambarare na kazi, lakini kumpandisha nayo Kawetere mtu wa kilo 90 ni kuyaharibu magoti. Mzito pia huvunja spoku za gurudumu la nyuma, upande wa friwili, yaani wa cheni. Mwambie fundi azikaze zote kwa usawa kabla, maana ikivunjika moja zinazobaki hubeba mzigo wake na kufuatana. Tairi ya inchi 26 kwa 2.0 ijazwe upepo wa PSI 45 hadi 50 kwa uzito huo.

Kwenye mteremko ndiko kuna hatari. Breki za vyuma za baiskeli za zamani hushika vibaya rimu ikilowa, na kwetu mvua ni kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kagua raba za breki kabla ya kupanda, si ukiwa juu. Usizikandamize mfululizo: shika kwa nguvu kidogo, achia, shika tena, ili rimu ipoe. Juni na Julai jasho la kupanda hugeuka barafu kifuani ukiteremka, kwa hiyo beba koti la upepo, na ukilisahau ingiza gazeti chini ya shati. Barabara kuu ya malori ya Tunduma iache kwa wenye malori. Hakuna kalori inayostahili kusukumwa mtaroni na semi.

Safari chini ya dakika 90 inahitaji maji tu. Ikizidi hapo kula ndizi mbivu moja kila nusu saa, na uihesabu: kama 100 ile ya ukubwa wa kawaida. Wanaojinyima njiani ndio wanaorudi nyumbani na kumaliza sufuria wakiwa wamesimama. Siku ya jasho jingi, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari visivyojaa na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Jipime kila asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, andika, na kila Jumapili tafuta wastani wa siku saba. Namba ya siku moja haina maana, chumvi ya jana pekee inaipandisha. Mwanamke alinganishe wiki ya mzunguko wake na wiki ileile ya mwezi uliopita. Pima na kiuno usawa wa kitovu kwa tepu ya fundi cherehani. Wastani usiposhuka wiki tatu mfululizo, usiongeze kilomita. Rudi jikoni upime mafuta upya, na kama vipimo viko sawa punguza 150 kwa siku. Kila ukipungua kilo 5 rudia ile hesabu ya mwanzo: msomaji wetu akifika kilo 83 bajeti yake inashuka kwa kalori 60, na mita zilezile 300 za mlima zitamchomea 303 badala ya 318.