Bendi ya roki yenye siku nne za studio: muda uende wapi

Aliyeuliza ana bendi ya watu wanne hapa Kampala: dramu, besi na magitaa mawili, mpiga gitaa mmoja ndiye mwimbaji. Nyimbo tisa ziko tayari, pesa inatosha siku nne za studio, na anataka kujua azigawe vipi ili itoke albamu nzima.

Ndugu, siku mbili kamili mpe mpiga dramu, na ya tatu ibaki wazi kwa ajili yake. Gitaa likikosewa utalirudia nyumbani wiki ijayo ukiwa na kompyuta na kadi ya sauti ya kawaida (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta). Dramu huzirudii. Zinataka chumba, maikrofoni nane au zaidi zinazorekodi kwa wakati mmoja, na fundi anayejua kuzipanga. Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa mwimbaji mmoja anayeimba juu ya mdundo uliotengenezwa tayari, kwa hiyo usilipe kabla ya kwenda kutazama. Uliza kadi yao ina njia ngapi za kuingiza sauti. Zikiwa mbili, hapo si mahali pa kurekodi dramu. Piga makofi katikati ya chumba: ukisikia mlio mkali unaorukaruka kati ya kuta, leta magodoro na mablanketi mazito uyasimamishe ukutani. Kisha tazama juu. Mabati yasiyo na dari chini yake ni hasara tupu mvua ikinyesha, kwani maikrofoni za matoazi zitanasa kila tone. Kuanzia Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, studio ya namna hiyo iache. Januari na Februari, au Juni na Julai, ni salama zaidi.

Kazi ya kabla ya studio ni kukubaliana mwendo wa kila wimbo na kuuandika. Rekodini nyimbo zote tisa kwa gitaa moja na sauti juu ya metronomu (kifaa kinachohesabu mapigo); huo ndio mwongozo atakaousikia mpiga dramu kwenye hedifoni. Kama kiitikio huwa kinachangamka mkipiga jukwaani, msikibane: ongezeni mapigo mawili au matatu kwa dakika sehemu hiyo kwenye programu. Roki iliyofungwa kwenye mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho inakosa pumzi.

Ngozi za sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) na tomu (dramu za kati) ziwe mpya, zifungwe siku moja kabla ili zipate kunyooka, kisha zityuniwe upya asubuhi. Ndani ya kiki, dramu kubwa ya mguu, weka mto mdogo, usiijaze nguo. Sneya inatosha na maikrofoni ya SM57 iliyo sentimita tatu hadi tano juu ya ukingo, ikielekezwa katikati. Sasa, maikrofoni mbili za juu ndizo zinazobeba picha nzima ya dramu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya sneya hadi maikrofoni ya kwanza, kisha hakikisha ya pili iko umbali uleule. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja. Maikrofoni moja ikisogea mbali kidogo tu, pigo moja la sneya hufika mara mbili kwa nyakati tofauti, na ukizichanganya baadhi ya masafa yanafutana: sneya inakonda, kiki inakosa kifua. Hakuna ikwalaiza itakayorudisha kilichofutika. Baada ya kupima, geuza fezi (upande wa wimbi la sauti) ya kiki na ya sneya moja moja huku unasikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa, ubaki na upande wenye uzito zaidi.

Rekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, vilele viishie karibu desibeli -10; hakuna faida ya kusukuma karibu na sifuri, ambako ndiko kikomo. Kwa kiwango hicho njia moja, yaani rekodi ya maikrofoni moja, hula MB 8.6 kwa dakika. Njia 12 za wimbo wa dakika nne ni kama MB 415 kwa kila jaribio, na majaribio matano ya nyimbo tisa yanakaribia GB 19. Njoo na diski mbili, na kila jioni nakili yote kwenye ya pili.

Umeme nao usiupuuze. Kompyuta na kadi ya sauti zikae kwenye UPS (betri ya akiba). Kama studio inatumia inverta, iwe ya wimbi safi la sine. Zile rahisi zenye wimbi la ngazi huleta mvumo kwenye ampu za gitaa. Mvumo wa hezi 50 au 100 mara nyingi ni tatizo la earth (waya wa kwenda ardhini) au gitaa lenye pikapu ya koili moja lililo karibu na transfoma, basi kwanza mgeuze mpiga gitaa alikoelekea. Waya wa earth usikatwe kamwe ili kuondoa mvumo, maana mwimbaji mwenye gitaa mkononi akigusa maikrofoni kwa midomo anaweza kupigwa na umeme.

Siku ya nne ni ya besi, na gitaa la mdundo kama muda upo. Besi irekodiwe kwa DI (kisanduku kinachopeleka sauti ya ala moja kwa moja bila ampu) na ampu pamoja. Gitaa, hata likipitia ampu, lichukueni pia lile safi la DI ili mweze kulipitisha kwenye ampu nyingine baadaye. Punguzeni distoshoni (mkwaruzo wa gitaa) kuliko ya jukwaani: gitaa hilohilo litapigwa mara mbili, moja kushoto na moja kulia, na distoshoni nyingi zikirundikana huwa ukungu. Tyuni kabla ya kila jaribio.

Miksi, yaani kuchanganya njia zote, mpeni mtu ambaye hakupiga ala yoyote. Kwenye mastaringi, hatua ya mwisho ya kusawazisha rekodi, msishindane kwa kelele: Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), basi mastaringi iliyobanwa mno itashushwa tu, na dramu zitabaki bapa. Kilele halisi kisizidi desibeli -1. Isikilizeni kwenye simu, na kwenye spika za teksi.

Makaratasi yasisubiri kutoka kwa albamu. Kabla ya siku ya kwanza, wote wanne watie saini asilimia za utunzi wa kila wimbo, kisha nyimbo zisajiliwe UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya muziki Uganda. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 humtambua mtunzi, mpigaji na mtayarishaji wa rekodi kila mmoja na haki yake, kwa hiyo mkataba na studio useme wazi kwamba masta (rekodi asili) ni mali ya bendi. Kila rekodi ipate ISRC yake, namba ya kimataifa ya kuitambulisha. Pakieni kwa msambazaji wa mtandaoni wiki nne kabla ya albamu kutoka, jalada la pikseli 3000 kwa 3000, na wimbo wa kupendekezwa kwa wahariri wa Spotify uwasilishwe angalau siku saba kabla. Mabango na majalada ya CD yachapisheni Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala.

Malipo ya mwisho ya studio yashikeni hadi mkabidhiwe faili zote za kila njia, pamoja na toleo la ala tupu la kila wimbo. Redio na televisheni huliomba mkienda kuimba.