Adapta imeandikwa 600, mbona napata 6?

SWALI: Hujambo mhariri, naishi Kahawa Sukari, nyumba ni ya mawe, rauta ya faiba iko sebuleni na mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma ambako waifai haifiki vizuri, kwa hivyo nikanunua zile adapta mbili za kupitisha intaneti kwa waya za stima, boksi limeandikwa 600 Mbps, yaani spidi ya intaneti. Nalipia spidi ya 40 lakini huku nyuma napata 6, jioni inashuka hadi 2, nikiongea na mteja kwa video nakatika katikati ya maneno. Kampuni ya intaneti inasema kwao hakuna shida. Nifanyeje? – Mama Pacha

JIBU: Pole sana dada, kazi na intaneti ya kukatika haziendi pamoja. Anza kwa kuchomeka laptopu kwa rauta kwa kebo, upime spidi hapo. Ukipata karibu 40 basi kampuni imesema kweli, shida iko ndani ya nyumba. Hiyo 600 nayo ni hesabu ya kwenye karatasi, imejumlisha kwenda na kurudi, na nyingi za aina hiyo tundu lao la kebo ni la 100 tu. Lakini kutoka 40 hadi 6, hapana, kuna kitu.

Sasa angalia adapta ya sebuleni imechomekwa wapi. Kama ni kwa ekstensheni ama kwa tivi gadi, ningeanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu stima yetu inatikisika mara 50 kwa sekunde (hezi 50) na intaneti ya adapta inasafiri juu yake kwa mawimbi ya kasi zaidi, megahezi 2 (mara milioni 2 kwa sekunde) kwenda juu, na gadi nyingi zina chujio la kuzuia mawimbi kama hayo hayo, yaani inamezwa kabla haijatoka sebuleni. Chomeka zote mbili ukutani moja kwa moja. Gadi unaihitaji bado, hiyo iwe ya tivi.

Ya jioni nashuku taa za LED za bei ya chini na chaja za simu, zinatupa kelele nyingi kwenye waya, hasa chaja iliyo kwa soketi ya pili ubavuni mwa adapta. Mtoto mmoja akae hicho chumba cha nyuma akiangalia spidi, wewe pita ukizima kimoja kimoja, friji pia, mpaka ikipanda.

Ikikataa, chomeka adapta zote mbili hapo sebuleni. Zikienda vizuri, ni nzima, shida ni waya ya kwenda nyuma, na kama hicho chumba kiliongezwa baadaye ama kina mita yake ya tokeni, mawimbi yanachoka njiani. Boksi la stima usilifungue, ita fundi. Na akisema ni kazi kubwa, usinunue adapta nyingine ya 1200, mwambie akupitishie kebo ya intaneti aina ya Cat6 chini ya paa ndani ya paipu, inabeba hadi mita 100 na haijali nani amewasha taa.